Leza kwa bega la kiharusi: hesabu ya sekunde, na mkono usiovutwa

Bajaji imesimama mlangoni mwa kliniki. Mzee yumo nyuma, upande wa kushoto umepooza tangu miezi miwili iliyopita, mkono unaning'inia kati ya magoti. Mjukuu anainama, anaukamata mkono ule ule uliopooza na kuuvuta: "Haya Babu, tushuke." Babu anashuka amekunja uso. Dakika tano baadaye mtaalamu wa fiziotherapia anamuuliza bega linauma tangu lini, naye anajibu kwamba linauma siku zote, ila leo limezidi.

Tumeanzia mlangoni kwa makusudi. Watu wanaouliza kuhusu leza, mashine ya mwanga wa kupunguza maumivu ya bega, kuanzia Tunduma mpaka Ilula, huuliza mashine ipi, vipindi vingapi, bei gani. Ni maswali ya haki. Lakini mwanga wa dakika mbili haushindani na mkono unaovutwa mara sita kwa siku. Kwa hiyo mashine tutaieleza kwa kina, kwa sababu inatumiwa vibaya sana, na nyumbani nako tutafika.

Bega limekaaje

Kichwa cha mfupa wa mkono ni duara kubwa, na kikombe kinachokipokea ni kidogo, hakina kina. Ni kama chungwa lililowekwa kwenye kisosi. Nyonga ina shimo la kweli, bega halina. Kinachozuia chungwa lisidondoke ni misuli na kano zinazolizunguka. Kiharusi kikizilegeza, mkono unabaki kuvuta chini bila mpinzani. Mkono mzima una karibu asilimia 5 ya uzito wa mwili, kwa hiyo mtu wa kilo 60 ana kilo 3 zinazoning'inia kwenye kifuko cha maungio mchana kutwa.

Pengo hilo hupimwa kwa kidole. Mgonjwa akae wima, mkono uachwe bila egemeo kwa muda mfupi tu. Papasa mfupa mgumu ulio juu kabisa pembeni mwa bega. Hapa tutauita kilele cha bega. Shuka chini yake kwa kidole cha shahada. Kidole kikizama, andika kimezama kiasi gani: nusu, au kidole kizima. Linganisha na bega zima, lile lisilopooza. Usishangae ukikuta mwenye pengo la kidole kizima analala usingizi wake vizuri, na asiye na pengo lolote analia. Pengo ni hatari, ila si lenyewe linalouma kila mara.

Kinachouma ni nini basi? Hapa ndipo kliniki nyingi hukimbilia mashine kabla ya kujua. Inaweza kuwa kano inayopita chini ya kilele cha bega, imebanwa na kuvimba kwa sababu mkono uliinuliwa wakati bapa la bega, ule mfupa mpana wa mgongoni, halikuzunguka nao. Inaweza kuwa kano ya msuli wa mbele wa mkono, ile inayopita kwenye kijifereji mbele ya bega. Inaweza kuwa kifuko cha maungio kimekakamaa na kuganda. Utakijua kwa kuweka kiwiko ubavuni na kujaribu kuuzungusha mkono kwenda nje: unagoma mapema, hata ukienda polepole. Inaweza kuwa misuli ya kifua na ile iliyo chini ya bapa la bega imekaza na kuufungia mkono ndani. Mara nyingi ni mchanganyiko, na kwa wazee wetu kuna nyongeza: bega lililobeba madebe ya viazi Isyonje au ndizi Tukuyu kwa miaka 30 huenda lilikuwa na kano iliyochanika hata kabla ya kiharusi.

Kuna hali tatu ambazo leza haihusiki nazo, au si ya kuanza nayo. Ya kwanza ni kuanguka. Mgonjwa wa kiharusi huangukia upande dhaifu, na mifupa ya upande huo hupungua uimara kwa kutotumika. Bega lililoanza kuuma ghafla baada ya kuanguka linakwenda eksirei kwanza. Ya pili: kiganja kimevimba, kina joto, ngozi inang'aa, vidole havikunjiki na kifundo cha mkono kinauma kikikunjwa, huku kiwiko hakina neno. Huo ni ugonjwa wa bega na mkono kwa pamoja. Unahitaji daktari na dawa mapema, na kumulika bega peke yake ni kupoteza wiki ambazo hazirudi. Ya tatu ni maumivu ya kuunguza yanayoenea upande wote, uso, mkono na mguu, yanayowaka hata kwa kuguswa na shuka. Chanzo chake kiko kwenye ubongo, si kwenye bega.

Na bega la kushoto linalouma pamoja na kubanwa kifua na jasho la baridi si la fiziotherapia kabisa. Huyo ni wa dharura.

"Mionzi" isiyo mionzi

Kiswahili kimetuponza kidogo hapa. Eksirei tunaita mionzi, tiba ya saratani tunaita mionzi, na leza nayo watu husema "nimepigwa mionzi". Ndiyo maana wengine hukataa. Leza ni mwanga. Haina nguvu ya kuvunja chembe za mwili kama eksirei. Leza ya kwanza ilitengenezwa na Theodore Maiman nchini Marekani mwaka 1960, na mwaka 1967 daktari Endre Mester wa Budapest aliwamulika panya walionyolewa, akaona manyoya yanaota haraka zaidi. Fani nzima ilianzia kwenye panya hao.

Mwanga mwekundu huishia milimita chache chini ya ngozi. Ule usioonekana, ulio jirani ya mwekundu, wenye urefu wa wimbi kati ya nanomita 780 na 1064, hufika ndani zaidi, ndiyo maana bega hutibiwa kwa huo. Ukiingia kwenye chembe hai hunyonywa na vinu vya nishati vilivyomo. Chembe hupata nishati zaidi, kemikali za uvimbe hupungua, na mishipa midogo ya fahamu inayobeba maumivu hupunguza kasi. Hayo ndiyo mambo yake. Haiamshi ubongo. Hairudishi nguvu ya mkono. Pengo la kidole kizima halitazibwa na mwanga.

Ushahidi wenyewe tuuseme ulivyo: majaribio mengi ya leza kwenye bega yalifanyika kwa watu wenye kano zilizovimba au bega lililoganda bila kiharusi. Yale ya wagonjwa wa kiharusi ni machache na madogo, na leza ilitolewa pamoja na mazoezi. Kwa hiyo anayekuuzia leza peke yake, bila mazoezi, anakuuzia nusu ambayo haikupimwa.

Soma kibandiko kabla ya kumulika

Kila mashine ya kweli ina kibandiko chenye mambo matatu: urefu wa wimbi kwa nanomita (nm), nguvu kwa miliwati (mW) au wati (W), na daraja la usalama. Daraja la 3B linaishia miliwati 500. Kuzidi hapo ni Daraja la 4. Kama kibandiko hakina namba hizo, kuna taa tu za buluu na nyekundu zinazopepesa, hiyo ni tochi ya bei mbaya.

Dozi hupimwa kwa jouli (J), kipimo cha nishati, na hesabu yake ni ya darasa la saba: wati mara sekunde. Mashine ya mW 100 ni wati 0.1; kupata J 4 unahitaji sekunde 40. Ya mW 200, sekunde 20. Ya mW 500, sekunde 8. Mwongozo wa chama cha kimataifa cha tiba hii, WALT, unaweka angalau J 4 kwa kila nukta kwa mawimbi ya nm 780 mpaka 860. Kwa mashine za nm 904 zinazotoa mapigo mafupi sana kiwango ni nusu yake, J 2.

Mashine hizo za nm 904 ndizo zinazowachanganya watu. Kwenye kibandiko unaweza kukuta "W 25", ukadhani umepata kifaru. Hiyo ni nguvu ya kilele cha pigo moja, linalodumu kwa sehemu ndogo mno ya sekunde. Nguvu ya kupigia hesabu ni ya wastani, na inaweza kuwa mW 60 tu. Kwa mW 60, J 2 ni sekunde 33. Ukitumia namba ya kilele utamulika sehemu ndogo sana ya sekunde na kumrudisha mgonjwa Kyela na kitu kisichofika hata robo ya dozi.

Kuzidisha nako kuna ubaya wake. Dozi ndogo mno haifanyi kitu. Ya kati inasaidia. Ikizidi sana faida inapungua au inageuka. Ule utaratibu wa "dakika kumi kila mtu" hauna hesabu nyuma yake.

Kipindi chenyewe

Tuchukue mashine ya nm 810, mW 200, kichwa kimoja cha kugusa ngozi. Mgonjwa amekaa kwenye kiti chenye mgongo, miguu inagusa sakafu, mkono mgonjwa umelala juu ya mto mezani au mapajani, kiwiko kimekunjwa. Egemeo liwe la kimo cha kiwiko. Likiwa juu mno bega linapandishwa kuelekea sikioni, likiwa chini mno linavutwa. Pima presha kwanza. Ikisoma 180/110 au zaidi kipindi kinasimama, mgonjwa anaonwa na daktari.

Vua nguo mpaka bega libaki wazi. Huku kwetu Juni na Julai hii ndiyo hatua inayorukwa: usiku wa Njombe na Makete baridi ni kali, asubuhi mgonjwa anakuja na fulana, shati, sweta na koti, na mhudumu kwa huruma anamulika juu ya fulana. Mwanga unaishia kwenye pamba. Pasha chumba joto, mfunike mgonjwa blanketi upande mwingine, lakini bega liwe tupu. Kisha futa mafuta. Mafuta ya mgando ya asubuhi, yale ya kupakwa kifuani kwa mafua, dawa ya kuchulia: vyote vitoke kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, ngozi ikauke. Jeli ya ultrasound haihitajiki hapa.

Sasa papasa. Kalamu mkononi. Anzia kilele cha bega, tafuta ukingo wake wa mbele na wa pembeni. Chini tu ya ukingo huo, weka nukta tatu zilizoachana sentimita mbili hivi. Hapo ndipo ilipo kano inayobanwa. Mkono ukiweza kugeuzwa kidogo kwenda ndani bila maumivu, kano hiyo hujitokeza zaidi kutoka chini ya mfupa, usilazimishe. Halafu hamia mbele. Zungusha mkono taratibu, nje na ndani, huku vidole vyako viwili vikiwa mbele ya bega: utasikia kijifereji kikipita chini ya vidole. Weka nukta moja juu yake. Mwisho nenda nyuma: kona ya nyuma ya kilele cha bega, shuka sentimita mbili, ingia ndani kidogo, nukta mbili. Jumla sita. Kama kuna sehemu ya msuli wa juu ya bapa inayoruka ukiibonyeza, ongeza nukta ya saba.

Weka kichwa cha leza wima kabisa juu ya nukta na ukandamize kiasi cha kuifanya ngozi ipauke pembeni. Kukandamiza kunasukuma damu kando na kupunguza umbali wa kufika kwenye kano. Kichwa kikiinama, sehemu ya mwanga inarudi hewani. Kikiinuka milimita tano, unapoteza nyingine. Washa, hesabu sekunde 20, zima, hama. Nukta saba mara sekunde 20 ni dakika 2 na sekunde 20, jumla J 28. Kwa mashine ya mW 100 ni dakika 4 na sekunde 40.

Ni hayo tu. Ndiyo maana mgonjwa aliyelipa nauli kutoka mbali hukasirika, na ndiyo maana wahudumu huongeza dakika ili aone ametibiwa. Mweleze mapema: kipindi ni dakika 40, mwanga ni dakika 2 au 5, muda uliobaki ni wa mikono.

Ratiba inayopendekezwa ni kila siku kwa wiki mbili, au siku moja ndiyo moja hapana kwa wiki tatu mpaka nne. Mara moja kwa wiki, kwa sababu ndiyo siku ya gari la kijiji, haina maana kubwa. Kwa anayetoka Tukuyu kwenda Mbeya mjini, kilomita kama 70, ni bora apange kwa ndugu wiki mbili mfululizo kuliko kusafiri wiki kumi. Kama hilo haliwezekani, aanze na mazoezi kwenye hospitali ya wilaya yake na leza aiache. Tunasema hivyo bila kusita.

Macho

Mwanga wa nm 810 hauonekani, kwa hiyo jicho halipepesi kujikinga. Lenzi ya jicho inaukusanya kwenye nukta moja nyuma ya jicho, na kovu la hapo halifutiki. Mhudumu, mgonjwa na ndugu aliyemsindikiza wote wavae miwani iliyoandikwa mawimbi yanayolingana na mashine. Miwani ya leza nyekundu ya nm 650 haizuii nm 810. Miwani ya jua haizuii chochote cha maana, na inafungua mboni, hivyo inaongeza hatari. Kioo cha ukutani kifunikwe, saa na pete zivuliwe, mlango ufungwe.

Ukitaka kujua kama mashine inatoa mwanga, elekeza kichwa chake kwenye karatasi nyeupe na uiangalie karatasi kupitia kamera ya simu, ukiwa umevaa miwani. Simu nyingi huonyesha doa la zambarau hafifu. Doa linakuambia mwanga upo, halikuambii ni kiasi gani. Kiasi hupimwa kwa kipimo maalumu, na mashine ipelekwe kupimwa angalau mara moja kwa mwaka, maana kichwa huchoka polepole wakati kioo cha mashine kinaendelea kuandika mW 200 kama kawaida. Umeme wetu wa kupanda na kushuka unaongeza uchakavu. Weka kidhibiti umeme.

Usimulike palipo na saratani au uvimbe usiojulikana, juu ya tezi ya shingo, au tumbo la mjamzito. Muulize mgonjwa dawa anazotumia: doxycycline na nyingine chache huifanya ngozi iwe nyepesi kuungua kwa mwanga. Kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, kinachokataza mashine nyingi za umeme, hakikatazi mwanga wenyewe.

Leza kubwa

Daraja la 4 ni mnyama mwingine. Hapa tunazungumza wati 10 na zaidi, mara nyingi nm 980 au 1064, na kichwa hakikai mahali pamoja: kinafagia. Ukifagia eneo la sentimita 100 za mraba, kama kiganja kilichofunguliwa, kwa W 10 kwa sekunde 60, umetoa J 600, yaani J 6 kwa kila sentimita ya mraba. Inafika ndani, inapasha joto, na wagonjwa huipenda kwa sababu wanaisikia.

Tatizo ni kwamba mgonjwa wa kiharusi huenda asiisikie. Kabla ya kuwasha, chukua vichupa viwili, kimoja cha maji ya uvuguvugu, kingine ya baridi, mguse navyo begani akiwa amefumba macho, bega zima kisha bega gonjwa. Akishindwa kutofautisha, hapewi leza ya Daraja la 4, hata akiomba. Aliyepoteza usemi pia ni wa kuangaliwa: anaungua kimya. Kwa ngozi nyeusi hatari inaongezeka, kwa kuwa rangi ya ngozi hunyonya mwanga juu juu na kuugeuza joto, na nm 810 hunyonywa hivyo zaidi kuliko 1064. Mashine nyingi kubwa zina sehemu ya kuchagua rangi ya ngozi. Usiiruke. Anza na nusu ya nguvu, weka kiganja chako mwenyewe begani kila baada ya sekunde kumi na tano, na usisimame juu ya mfupa. Malengelenge yakitokea karibu kila mara sababu ni moja: mkono wa mhudumu ulisimama akijibu simu.

Baada ya mwanga

Maumivu yakipungua baada ya leza, kuna saa chache ambazo bega linakubali kuguswa. Zitumie. Anza na bapa la bega: mgonjwa alale upande mzima, kiganja chako kimoja mgongoni kwenye bapa, kingine mbele, ulitelezeshe mbele, nyuma, juu, chini, mara kumi kila upande. Bapa likishalegea, kiwiko ubavuni, zungusha mkono kwenda nje mpaka ukute kizuizi cha kwanza, shikilia sekunde 20, rudia mara tatu. Kisha akae mezani, kiganja juu ya kitambaa, mkono mzima uusaidie ule mgonjwa, asukume mbele mwili ukiinama nao, mara kumi.

Kutoinua mkono juu ya kimo cha bega ni sheria, mpaka bapa linazunguka na mkono umegeuzwa nje. Bapa hufanya theluthi ya safari ya kuinua mkono. Likikwama, mfupa unaisaga kano chini ya kilele cha bega, kano ile ile uliyoimulika dakika kumi zilizopita. Kamba na kapi juu ya mlango, inayouzwa na kufungwa kwa nia njema, inafanya hasa hivyo: mkono mzima unauvuta ule mgonjwa juu bila bapa kuzunguka. Miongozo ya Marekani ya mwaka 2016 kuhusu kurudisha afya baada ya kiharusi inaikataa waziwazi. Iondoeni. Na wanaochua kwa nguvu mpaka "mshipa urudi", nao wasimame.

Nyumbani, mambo machache yanalipa kuliko mashine. Sweta: mkono mgonjwa unaingia wa kwanza na kutoka wa mwisho. Kumwinua: mkanda au kanga iliyofungwa kiunoni, "Baba, inama mbele kidogo, nakushika kiunoni, moja, mbili, tatu", kwapani hapashikwi, mkono hauvutwi. Kulala upande mgonjwa kunaruhusiwa, na kunasaidia, ila bega livutwe mbele kwanza ili asililalie. Kulala chali: mto mwembamba chini ya bapa na mkono. Blanketi zito lisiuvute mkono kitandani. Kombeo la kitambaa livaliwe anaposimama na kutembea wakati mkono bado umelegea. Akikaa livuliwe, la sivyo linaufundisha mkono kukunjamana kifuani. Bodaboda hapana. Kwenye Hiace akae upande dhaifu ukiwa dirishani, mkono juu ya begi mapajani, na konda aambiwe kabla ya kituo amshike wapi. Jiko la mkaa lisisogezwe karibu na upande usiosikia, wala liwake usiku chumba kikiwa kimefungwa.

Kuhusu vidonge: diclofenac hupatikana duka lolote la dawa, na kwa aliyekwisha kupata kiharusi inaongeza hatari ya kupata kingine. Paracetamol kwa kipimo cha kawaida ndiyo ya kuanzia. Zaidi ya hapo aulizwe daktari, ambaye pia anaweza kuchoma sindano ya steroidi begani pale leza na mazoezi vinapogonga mwamba.

Kugonga mwamba kunajulikana kwa daftari. Kabla ya kipindi cha kwanza andika maumivu kwa namba 0 mpaka 10, wakati wa kuzungusha mkono nje, si akiwa amepumzika. Asiyeweza kusema aonyeshwe picha za nyuso, na ambaye ubongo wake hautambui upande mmoja achorewe mstari wa namba hizo ukiwa wima badala ya kulala. Andika nyuzi za mzunguko wa nje, na usiku ameamka mara ngapi. Rudia kila kipindi cha tatu. Kushuka namba mbili ni mabadiliko ya kweli. Vipindi sita vikipita bila chochote, usiongeze jouli. Rudi kupapasa, huenda ulimulika kano wakati mgonjwa ana kifuko kilichoganda. Na akihamishwa kwenda Iringa au Songea, karatasi yake isiandikwe "amepata leza x10". Iandikwe nm 810, mW 200, J 4 kwa nukta, nukta 7 na zilipo, siku zipi, mzunguko wa nje ulitoka nyuzi ngapi ukafika ngapi.